Onyo Lisilosikika

Mwaka 1986, askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero, huku kwetu bondeni, wakafa wanne. Kila nilikumbukapo jambo hilo hujiuliza: mtu anayekusudia kutumia nguvu anadaiwa nini kwanza na yule zitakayemfika?

Sheria ina jibu lake. Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa Waingereza, inaruhusu watu 12 au zaidi wanaofanya fujo watangaziwe, kwa jina la Rais, watawanyike kwa amani. Nguvu hufuata baada ya muda wa kutosha kupita. Misingi iliyopitishwa na mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Havana mwaka 1990 nayo inamtaka askari ajitambulishe, aonye waziwazi kwamba atatumia silaha, kisha atoe nafasi ya onyo kutiiwa, isipokuwa pale ambapo kungoja kutahatarisha maisha. Hilo la mwisho ni haki. Jambazi mwenye bunduki hangoji.

Lakini litazame vizuri, msomaji, neno muda. Wengi hudhani onyo ni maneno tu. Nami nilidhani hivyo.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo waligoma kwa sababu ya maharage yenye wadudu. (Wadudu walikuwamo kweli.) Nilisimama barazani na kitabu cha kanuni, nikasoma: dakika tano, asiyeingia darasani afukuzwe. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Walio mbele walisikia, wakaingia. Wa nyuma waliona midomo yangu tu. Jioni nilitia sahihi barua za wanachuo saba.

Mmoja aliniambia, "Mkuu, sisi hatukusikia." Nikamjibu, "Nilisoma."

Jibu hilo limenisumbua kuliko barua zenyewe. Mvua niliiona. Ningeweza kutuma walimu wapite katikati yao. Sikufanya hivyo, kwa maana nilisoma ili nipate kusema kwamba nimesoma. Onyo lilikuwa langu, la kunikinga mimi. Dereva wa treni ya TAZARA akipiga honi, huipiga kabla ya kivuko, mtu angali na pa kukimbilia. Akiipiga akiwa amekwisha kumfikia, tuiite nini?

Mwanachuo yule hukutana nami mara moja moja hapa stesheni ya Mlimba. "Shikamoo, Mkuu." Naitikia marahaba, namwuliza habari za watoto. La mvua sijamwambia bado.