Ngumi Isiyompata Mtu

Anayejifunza kupigana, miaka nenda miaka rudi, bila kupigana na mtu, anajifunza nini hasa? Kampala swali hili huulizwa kwa kejeli, maana ni mji uliozoea mabondia. Leo Rwabwogo alileta shaba ya Olimpiki mwaka 1968 na fedha mwaka 1972. Ayub Kalule akawa bingwa wa dunia mwaka 1979. Mweleze kijana wa klabu ya East Coast pale Naguru kwamba wako watu China wanaorudia mfululizo uleule wa mateke na mikono hadi uzeeni, hawana mpinzani mbele yao, naye atauliza: sasa wanajuaje kama wanajua?

Ni swali la haki. Ulingo hauhongeki. John Mugabi, mshindi wa fedha ya Moscow mwaka 1980, aliingia kwenye ngumi za kulipwa akawa anawamaliza wapinzani wote kabla ya kengele ya mwisho. Machi 1986, mjini Las Vegas, akakutana na Marvin Hagler, akaangushwa raundi ya 11. Usiku ule ulimfunulia jambo ambalo ushindi wote wa nyuma haukuwahi kumfunulia. Hakuna mwalimu, hata awe mkali namna gani, awezaye kufundisha somo hilo kwa maneno.

Ila tuangalie ulingo unajibu nini. Unasema nani alikuwa bora usiku huo, kwa kanuni hizo, na uzito huo. Basi. Na mara nyingine hata hilo haulisemi. Tarehe 17 Januari 1954, huko Macau, Wu Gongyi, mwalimu wa taiji, sanaa ya mapigano ya Kichina, aliyekwishapita miaka hamsini, alipanda ulingoni na Chan Hak-fu wa mtindo wa Korongo Mweupe, kijana kwake kwa mbali. Fedha za viingilio zilikuwa za hisani. Filamu ya pambano lile ipo, na kwa aliyetarajia maajabu inasikitisha: mikono inarushwa ovyo, pua inatoka damu, halafu waamuzi wanasimamisha shughuli raundi ya pili bila kumtaja mshindi. Siku chache baadaye gazeti moja la Hong Kong likaanza kuchapisha hadithi ya mfululizo ya Liang Yusheng, kwa kuwa watu walikuwa hawazungumzi kingine. Hadithi za aina hiyo zikashamiri, zikalisha sinema, na sinema zikasafiri hadi kwenye vibanda vya video vya Kampala, ambako mtafsiri huzipigia kelele kwa Kiluganda juu ya sauti za waigizaji. Pambano lisilo na mshindi likazaa zaidi ya mapambano mengi yenye mshindi.

Mtaa wa Wakaliga, hapa hapa Kampala, ni mjukuu wa safari hiyo. Isaac Nabwana, ambaye utotoni alisimuliwa filamu na ndugu zake kabla hajaziona, alianzisha studio yake pale, na mwaka 2010 akatoa *Who Killed Captain Alex?*, filamu iliyotengenezwa kwa hela ya mboga. Watoto wa mtaa hufundishwa kungfu. Tazama teke lao kwa karibu: mguu unapanda, unapita upana wa kidole mbele ya shavu la mwenzake, na mwenzake anageuza kichwa wakati uleule, si kabla wala si baada. Akiwahi, uongo unaonekana. Akichelewa, anaumia kweli. Bondia hutumia maelfu ya saa ili ngumi impate mtu. Hawa hutumia saa zao ili isimpate. Sioni kwa nini nidhamu ya pili iwe ndogo.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Aprili 2017, huko Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa ngumi mseto, alimpiga Wei Lei, mwalimu wa taiji, pambano likaisha ndani ya sekunde chache. Wengi walisema mila imeaibika. Mimi naona kilichoaibika ni dai. Mzee anayecheza taiji alfajiri bustanini hakupigwa siku ile, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu kwamba hashindiki. Wala watoto wa Wakaliga hawadanganyi mtu: wanatangaza kabisa kwamba ni sinema. Mwongo ni yule anayekuuzia silaha ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuijaribu, na mwalimu wa namna hiyo anapatikana katika mitindo yote, ya Kichina na isiyo ya Kichina.

Tena kijana wa Naguru naye aangalie jioni yake inavyokwenda. Anafunga bendeji, anaruka kamba, anapiga hewa, anapiga gunia, anapiga hewa tena. Wengi wanaofanya mazoezi ya ngumi mjini hapa hawatapata ubingwa, na wapo watakaostaafu bila kupanda ulingo wenye waamuzi hata mara moja. Ukimwuliza mmoja wao kama alipoteza muda, sidhani kama atakujibu kwa kuhesabu mapambano.