Ushanga Mmoja kwa Mwezi

Mwaka 1949 kijana Mwingereza, David Shepherd, alikuja Kenya akitaka kazi ya kulinda wanyamapori. Akakataliwa, akageukia uchoraji. Nadhani wanyama ndio waliofaidika na kukataliwa kule. Baadaye, huku kwetu Tanganyika, akakuta punda milia 255 wamekufa kwenye maji yaliyotiwa sumu. Tangu hapo akaitumia sanaa yake kuwatetea wanyama: mwaka 1973 mchoro wake mmoja wa simbamarara ulichangisha pauni 127,500 za kuwalinda wanyama hao huko India, na mwaka 1984 akaanzisha mfuko wake wa wanyamapori.

Mama zangu wa Endulen, nanyi pia sanaa mnayo mikononi. Pale Usa River, shirika la Mbwa wa Africa linaokoa na kutibu mbwa waliotelekezwa. Tengeni ushanga mmoja kila mwezi, mapato yake yaende huko.