Mtumbwi Uliopita Darajani

Wiki hii mtumbwi umevuka Mto Kilombero ukiwa juu ya tela la trekta, na watu pale darajani wamecheka hadi kushika mbavu. Vijana wa bodaboda walisimamisha pikipiki wapige picha. Mmoja akauliza kwa sauti kama chombo chenyewe kinaogopa maji. Utani huo haukunikasirisha, hata mimi nilicheka. Kilichonikera, na mpaka sasa hakijanitoka, ni maneno ya mwenye baa mmoja aliyetukuta tumesimama kupumzika upande wa Ifakara. Aliuzunguka mtumbwi, akaupapasa, akataja bei karibu mara mbili ya fedha aliyolipa shemeji yangu. Anautakia nini? Aujaze barafu, apange bia.

Shemeji yangu ni mvuvi, na miaka yote amekuwa akivua kwa chombo cha kukodi. Akasikia kuna mzee wa Kindamba, upande wa Lupiro, ana mtumbwi wa mvule aliouweka pembeni tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Tukaenda. Mzee alitaka shikamoo kwanza, kisha habari za nyumbani, kisha za mvua, ndipo akatupeleka chini ya mwembe alikoufunika kwa majani makavu.

"Gongeni wenyewe, wanangu. Nisije nikaambiwa niliwauzia kuni."

Shemeji aliugonga kwa mpini wa panga kuanzia omo hadi tezi, sikio karibu na mti. Mbao nzima inalia. Iliyooza inajibu kwa sauti nzito, iliyokufa. Sakafu ililia vizuri. Tezi, mahali maji ya mvua hupenda kutuama, ilijibu vibaya kwa upana wa kiganja, na ubavuni jua lilikuwa limefungua ufa mrefu. Hapo bei ikashuka. Na kwa sababu ya ufa huo huo isingewezekana kuuleta kwa maji, ndiyo maana ukapanda tela.

Sasa huyu bwana wa bia alikuwa na hoja, na najua wengi mtakuwa upande wake. Daraja lipo, alisema, mitumbwi imepitwa na wakati. Daraja la Magufuli, mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018, na mimi ni wa kwanza kulishukuru. Aliyewahi kukesha akisubiri kivuko huku ana mgonjwa anayetoka Mahenge au Malinyi hahitaji kuhubiriwa. Lakini daraja limechukua kazi ya kivuko, halikuchukua kazi ya mtumbwi. Daraja halitegi nyavu. Masika yakikolea bonde linageuka ziwa, na kuna mashamba ya mpunga na kambi za wavuvi ambazo gari halifiki hata likiwa na magurudumu ya trekta. Yule kambale aliyekaangwa na kuwekwa mezani kwa huyo mwenye baa, alidhani alikuja kwa bodaboda tangu majini?

Mwingine ataniambia nunueni mpya. Mpya wa mti gani? Mtumbwi mmoja wa kuchonga unakula gogo zima, na sehemu kubwa ya gogo hilo inabaki chini ikiwa vibanzi. Mvule wa unene ule hauko tena nyuma ya nyumba ya mtu. Milima na misitu inayozunguka bonde hili tumeifyeka wenyewe, bonde ambalo tangu mwaka 2002 liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Boti za mbao zilizoungwa zinatumia mti kidogo, nakubali, na mwenye uwezo atengeneze. Ila asiye na uwezo akipata mvule mzima wenye ufa, nitamshangaa akiuacha.

Hoja iliyonigusa ni ya hatari. Mto wetu una viboko na mamba, na chombo kibovu kinaua. Hapo sibishani. Mtumbwi uliooza sakafu upasuliwe, upikiwe ugali. Tena hata ulio mzima, anayeupanda avae jaketi okozi, tuache ushujaa wa kijinga. Lakini ubovu unapimwa kwa mpini wa panga, haupimwi kwa umri.

Kama umri ungekuwa ndiyo kipimo, meli ya Liemba ingekuwa chuma chakavu zamani. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikasafiri baharini hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma. Iliingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wao walizipaka injini grisi kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Karne imepita, na Serikali bado inaiona meli ya kukarabati. Meli ikikarabatiwa tunaita mradi. Mvuvi akitia kiraka tunaita umaskini.

Nimeitazama kazi hiyo ya kiraka kwa karibu, na si kazi ya kubahatisha. Kwanza mtumbwi ulizamishwa kwenye maji ya kina kifupi, mti unywe na kuvimba taratibu, ufa ujifunge wenyewe kadiri unavyoweza. Ulipotolewa na kukauka juu juu, fundi alikwangua ule uozo wa tezi mpaka akafika kwenye mti mgumu, akapachika kipande. Ufa uliobaki akaukalafati kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, akiisukuma kwa ncha ya patasi, kidogo kidogo. Juu yake akalaza ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha bati, kisha misumari midogo iliyopangwa karibu karibu. Alikuwa hazungumzi. Kijana wake aliyekuwa anayeyusha lami ndiye aliyekuwa anatuchekesha.

Fundi wa namna hiyo hana bango mjini, na vijana wanaokuja kujifunza kwake ni wachache, maana tumewafundisha kuona haya kwa kitu chochote chenye kiraka. Simu ikipasuka kioo, mpya. Kiti kikilegea mguu, jalalani. Halafu chombo kizima kinanunuliwa kiwe pambo la baa, na tunaita huo ndio utunzaji wa utamaduni!

Shemeji alikataa zile fedha, na nyumbani wapo waliomwona mjinga. Mimi nasema alifanya hesabu sahihi: bei ya baa inaliwa mara moja, mtumbwi unalisha watoto kila siku mto unapokubali. Kijana unayetaka kununua mtumbwi wa zamani, nenda na fundi kabla hujatoa hata shilingi. Na nyie wenye baa, barafu inakaa vizuri sana kwenye pipa la plastiki.