NANI ATAMBEBA MGONJWA WA POMBE?



Katika Marko 2:1-12 tunasoma habari za mtu aliyepooza, aliyebebwa na watu wanne hadi kwa Yesu. Wote tunakumbuka paa lililobomolewa. Lakini tujiulize: kwa nini walipanda juu? Ni kwa sababu mlangoni hapakuwa na nafasi. Na waliojaa mlangoni hawakuwa adui. Walikuwa watu waliokuja kusikia Neno. Wasikiaji wa Neno ndio waliomzibia mgonjwa njia!

Wapendwa, sisi wa Kirolirwe tumekuwa watu wa mlangoni. Kanisa letu linakataza pombe, na katazo hilo ni jema, hatuliondoi. Lakini ndugu akianguka katika kasiksi au kanyanga, tunafanya nini? Tunamsengenya, tunamtoa katika koro, tunamkalisha nyuma. Naye anajifunza jambo moja tu: kujificha. Anakunywa usiku, na Jumapili anaitika Haleluya pamoja nasi. Mke wake anajua, kwa maana feza ya minerval ya watoto imekwisha. Watoto wanajua. Sisi peke yetu ndio tunajifanya hatujui.

Tukumbuke pia njia tuliyopita. Tangu vita vya 1993 wengi wetu katika Masisi na Walikale tumekimbia zaidi ya mara moja, na wengine hawakupata hata kuzika watu wao. Kuna aliyeanza kunywa ili apate usingizi tu. Hatusemi hivyo ili kumpa ruhusa. Tunasema ili tujue uzito wa kitanda tunachotakiwa kukibeba.

Sikilizeni habari hii. Mwezi wa Mei 1935, mtu mmoja wa New York, jina lake Bill Wilson, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, kule Marekani. Alikuwa mlevi wa miaka mingi, lakini tangu Desemba 1934 hakuwa amekunywa. Biashara yake ilikuwa imeharibika, na sauti za watu wa baa zilimvuta. Akaogopa. Akapiga simu kwa mchungaji mmoja wa mji huo, akaomba atafutiwe mlevi mwenzake wa kuongea naye. Kwa njia hiyo akampata muganga Robert Smith, naye mlevi. Wakaongea saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935 Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa Alcooliques Anonymes, ambao vikundi vyao vimeenea katika inchi nyingi.

Mmeona? Kikundi kile kilianza na watu wawili, na mchungaji alikuwa mlango uliofunguka. Hakuuliza kwanza kama aliyepiga simu anastahili.

Basi msiseme, “Kikundi kiko mbali, huko mjini.” Tunaomba kila parokia itafute nyumba moja, siku moja ya juma na saa moja isiyobadilika, ili mwenye kuhitaji ajue mahali pa kwenda bila kuuliza watu njiani. Wakiwa wawili, inatosha. Mhubiri 4:9-10 inatufundisha kwamba mmoja akianguka, mwenzake atamwinua. Kila mtu aseme habari zake mwenyewe, wala asimhukumu mwingine. Majina yasiandikwe. Sadaka isidaiwe. Linalosemwa ndani lisitoke nje, hata kwa mchungaji, hata kwa mke wa mchungaji! Mkatoliki, Mwadventista au Mwislamu akija, akaribishwe. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Na wake wa walevi nao wakutane peke yao, kama Lois, mke wa Bill, alivyosaidia kuanzisha vikundi vya jamaa mwaka 1951.

Tunaongeza onyo moja, nanyi mlishike. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha kwa gafula, anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Tusikimbilie kusema ni pepo. Tusimfungie katika mafungo bila chakula wala maji. Apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, nasi tuombe tukiwa kando ya kitanda chake. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, kinachotunza wagonjwa wa akili. Tusione haya kumpeleka mtu huko. Dawa na maombi havigombani.

Wewe ndugu unayesoma ukurasa huu kwa siri, ukijua kwamba ni habari yako: usingoje upate nguvu kwanza. Yule aliyepooza hakutembea kwenda kwa Yesu, alibebwa. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, umwambie leo hii, kabla ya jua kuchwa. Ukianguka tena, rudi tena.

Na sisi wengine, tuondoke mlangoni. Yesu alitazama imani ya wale wanne waliobeba, ndipo akasema na mgonjwa. Je, akitazama Kirolirwe, ataona wanne?

Bwana atupe mabega yenye nguvu na midomo inayotunza siri. Amina.