Hodi Katika Siku za Kujitenga

Tarehe 6 ya mwezi wa Mei mwaka 2020, ilipotolewa amri ya kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya maradhi ya Korona, sisi tuliokuwa ndani tulijikuta tumezungukwa na vizuizi vya polisi, Ramadhani imekaribia katikati, misikiti imefungwa tangu Machi, na baraza za mtaa wa Kibokoni, ambazo hazikukosa wanywaji kahawa wa kuulizana hali baada ya Isha, zimebaki mawe matupu. Idi ilitukuta humo humo tarehe 24, na mkono wa Idi tulipeana kwa simu. Nimeona mengi katika siku zile, mazuri na ya karaha, na kwa kuwa kutengwa hakukwisha na Korona, maana wagonjwa, wazee wasiotoka na watu wa ugenini wangaliko kila mtaa, naona ni wajibu wangu kuyasema niliyoyaona.

Si Korona iliyowafunza watu wa pwani kujitenga. Mzazi hukaa ndani siku 40, na mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, asionane na wanaume wasio maharimu wake. Lakini ni nani aliyepata kusikia mzazi ameachwa peke yake na kitoto chake, au mjane hana wanawake wa kuketi naye mkekani na kumpokelea wageni wa taazia? Mila yetu ilifunga mlango wa mwili na kuuacha wazi mlango wa insafu. Hata Shirika la Afya Duniani, mwezi wa Machi 2020, liliwausia watu waseme kwamba wanaweka umbali wa miili wala si umbali wa kijamii. Neno hilo lilipotufikia nililiona kama limetoka kinywani mwa bibi yangu. Basi simu ilipokuwa ndiyo njia pekee ya kufikiana, haki za watu juu yetu zilihamia humo zote, kuanzia salamu hadi kumzuru mgonjwa na kumliwaza mfiwa. Bahati mbaya wengi wetu tulizihamisha haki tukaziacha adabu zake nje.

Ya kwanza katika adabu hizo ni hodi. Mtu mwenye muruwa hasukumi mlango wa mwenziwe. Hupiga hodi, akinyamaziwa huirudia, na hodi ya tatu ikikosa jibu hurejea zake pasipo kinyongo. Mtu huyu huyu, akishika simu, humfungulia mwenziwe kamera saa nne ya usiku bila idhini, akamwona mke wa watu amevua mtandio au mgonjwa amelala hajisitiri. Na asipojibiwa hupiga mara ya pili, ya tano na ya saba, kisha huandika maneno ya lawama kwamba amedharauliwa. Kamera ni mlango wa chumba cha ndani, si mlango wa barazani. Tanguliza ujumbe mfupi, uulize kama saa hiyo yafaa na kama mwenzio apenda kuonwa au kusikiwa tu, na akikwambia si sasa, lipokee jibu hilo kama ungelipokea mlangoni pake. Aliyefungiwa nyumbani hana faragha ya ziada. Mara nyingi ni watu saba katika vyumba viwili.

Ya pili ni salamu. Siku zile simu zilijaa picha za mawaridi na dua zilizopitishwa kutoka mkono hadi mkono, na habari za tiba zisizo na asili zikapita njia hiyo hiyo, hata wenye WhatsApp, mwezi wa Aprili 2020, wakaweka mpaka kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usipelekwe ila sehemu moja kwa wakati. Mimi sisemi kwamba mwenye kupeleka waridi hana mapenzi. Nasema kwamba salamu ni ya mtu, na mtu ana jina. Na maneno matatu ya sauti yako, yenye jina lake na swali juu ya goti lake linalomuuma, humfikia mzee moyoni kuliko mawaridi mia. Ujumbe wa sauti, hasa, una hisani kubwa kwa asiyeona vizuri, naye aweza kuurudia usiku akiwa na ukiwa.

Nije kwenye jambo lililonifunza zaidi. Katika kundi la mtaa wetu alikuwamo mzee mmoja ambaye hakukosa kuitikia salamu za asubuhi. Ikapita siku ya kwanza kimya, ya pili, ya tatu, na sisi zaidi ya watu hamsini tukaendelea kusalimiana, kila mmoja akidhani mwenzake amemuuliza. Siku ya nne kijana mmoja alimpigia simu ya kawaida. Mzee alikuwa hai, lakini bando lake limekwisha, duka alilozoea limefungwa, na kwa staha yake hakutaka kumwomba mtu shilingi hamsini. Niliona haya, nami ningali naiona. Tangu hapo nimejiwekea kanuni kwamba katika kundi lolote nimtazame kwanza aliyenyamaza, kwa kuwa mwenye kusema tayari ana watu. Na wako ambao hata hawamo kundini, wenye simu za kabambe zisizo na intaneti, wanaopiga flashi wakangoja: hao wapigie wewe, papo hapo. Mwaka ule, tangu tarehe 17 Machi, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulifanywa bure kwa muda. Hata bila ya msaada huo, kumsambazia mtu salio kidogo pasipo kuombwa ni jamala iliyo nyepesi kwa mtoaji na nzito kwa mpokeaji.

Kuna tanzia pia. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, kwa hiyo wengi walifiwa wasizike, na simu ndiyo iliyokuwa matanga yao. Tafadhali sana, jina la marehemu lisitajwe kundini kabla ya ahali yake kupata habari. Namjua binti aliyesoma kifo cha babake baina ya tangazo la sukari na dua ya asubuhi. Na hitima ikisomwa kwa Zoom, kumbukeni kwamba mkutano wa bure hukatika dakika ya 40, basi wazee na wafiwa wapewe nafasi mwanzo, wasikatwe kauli kwa ajili ya vijana waliotangulia kuhutubu.

Picha za futari nazo, zenye sambusa, mkate wa mayai na tende zilizopangwa kama za arusi, zilikuwa zikifika katika simu za watu waliofungua saumu kwa maji. Sina la kuongeza hapo.

Jamaa zetu walio Dubai wapata taabu zaidi katika kufikiana nasi, kwa maana huko simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa, na wengi hutumia Botim. Aliye huku asiichoke programu nyingine kwa ajili ya ndugu mmoja.

Nawe, msomaji wangu, uliyemwahidi mtu kwa simu mwaka ule kwamba njia zikifunguliwa utakwenda kumwona, na mpaka leo hujenda, huenda angali akikungoja. Nenda wiki hii, upige hodi mlangoni.