Kuchagua Mbegu ya Mume Aliyekosa Mtoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kutoa mtoto na kunyima kumo katika hukumu yake; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Alinijia mtu baada ya sala ya isha, akataka nimwandikie talaka ya mkewe kwa kuwa miaka saba hakumzalia. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe umetazamwa na tabibu?" Akakasirika kana kwamba nimemtukana. Enyi ndugu zangu, hasira hii ndiyo iliyonishikisha kalamu. Katika karibu nusu ya nyumba zilizokosa mtoto, upungufu u kwa mume, ama kwake peke yake, ama kwake pamoja na mkewe.

Alipotulia akasema, "Nasikia matabibu huchagua mbegu. Je, huko si kuingilia kazi ya Mola?" Hasha. Manii huwekwa chini ya maji maangavu, zenye nguvu zikaogelea juu, zikatwaliwa. Ama huzungushwa kwa mashine katika maji mazito, nzima zikatua chini. Zikiwa chache mno, tabibu hutazama kwa hadubini, akaokota moja, akaitia ndani ya yai la mke kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Ubelgiji mwaka 1992. Basi huyu ana tofauti gani na mkulima atiaye mpunga wa mbegu majini, mapepe yakaelea akayamwaga? Hakuiumba mbegu, wala hawezi kuiotesha.

Wala msidanganywe na kila uteuzi mpya wenye bei kubwa. Uingereza walijaribu kuchagua mbegu zinazonata kwenye kitu kile kilizungukacho yai, kwa jozi 2,772 za mume na mke. Khabari ilipotolewa mwaka 2019, mimba zilizoharibika zilikuwa chache zaidi, lakini watoto waliozaliwa hai hawakuzidi kwa kiasi cha kutegemewa.

Ama hukumu, maulamaa wetu hawakushtushwa na jambo hili. Imamu Nawawi katika Minhaji, mlango wa eda, amemtaja mke aliyeingiza manii ya mumewe pasipo kuingiliwa, eda ikamlazimu vilevile. Na mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alijuzisha kutungisha mimba nje ya tumbo, maadamu mbegu ni ya mume na yai ni la mke. Mbegu ya mtu mwingine ni haramu, ijapokuwa ya ndugu yake, na ijapokuwa mume ameridhia; wala haifai baada ya ndoa kukatika. Na kuitoa, njia isiyo na shaka katika madhehebu yetu ni kwa mkono wa mkewe. Kisha asimame mpaka aone jina lake limeandikwa juu ya chupa, maana chupa zikichanganyika, nasaba imechanganyika. Wallahu aalam.

Yule mtu sikumwandikia karatasi. Nilimwambia aende kwa tabibu kwanza, arudi na jawabu. Hata leo hajarudi.