Wazo la Leo: Agano si Wasia

Waingereza huita kila sehemu ya Biblia "Testament", neno lenye asili ya Kilatini, maana yake wasia. Kiswahili husema Agano, na hapo kimelenga vyema zaidi. Kiebrania kina berit, mapatano yenye kufunga. Wafasiri wa Kigiriki walilifasiri diatheke, neno la kawaida la wasia, na Kilatini kikafuata. Atatokea wa kupinga: mbona Waebrania sura ya 9 hutaja wasia na kifo cha aliyeuandika? Ni kweli, lakini hoja hiyo imejengwa juu ya agano jipya la Yeremia 31, lililonukuliwa sura moja kabla. Mrithi wa wasia hupokea tu. Aliye ndani ya agano hupokea na kuwajibika.